Damu ya Jumanne

Muuguzi alipobisha hodi, Mama Pindo aliitupia cherehani shuka, akaukunja mkono wa kulia kama mtu asiyeweza hata kushika sindano.

Anaweza sana. Vidole vilivyovimba kwa baridi yabisi miaka sita vilikuwa vimelegea, na tangu juzi alikuwa ameshapinda suruali mbili za jirani. Lakini wakijua amepona, watu wa utafiti wa baridi yabisi, waliompima damu kila Jumanne, wangemwacha, na Jumanne ingekuwa kama siku nyingine zote: yeye, redio na ukuta. Watoto wako mbali, wana mambo yao. Upweke ulimuuma kuliko viungo, basi.

"Shikamoo, dada. Vidole vinasemaje?"

"Marahaba, mdogo wangu. Vibaya tu." Akaangusha kijiko makusudi. Mtu mzima na mvi zake, jamani.

Muuguzi, naye mwenye mvi zake, alikuja saa moja asubuhi kwa sababu homoni waliyoifuatilia hupanda alfajiri, na walitaka kuona inavyokwenda na uvimbe unaopimwa kwenye damu. Mwanzoni aliletwa na gari la hospitali, akaondoka mbiombio. Siku hizi alikuja kwa miguu. Alitoa damu kidogo mno, akatia kichupa kwenye mkoba wake, kisha akakaa. Alikunywa chai vikombe viwili, akisimulia habari za nyumba yake, ambamo hata paka hamna.

"Majibu ya wiki iliyopita je?" Mama Pindo aliuliza, roho juu.

Muuguzi aliitazama chai. "Uvimbe bado uko juu, dada. Itabidi niendelee kuja."

"Tutafanyaje sasa," alijibu kwa uso wa huzuni, moyoni anacheka.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka Jumatatu moja daktari wa utafiti alipopiga simu.

"Nawajulia hali tu wale tuliowaruhusu, mama. Unaendeleaje?"

"Mmeniruhusu lini? Si muuguzi wenu anakuja kunitoa damu kila Jumanne?"

"Mama, damu yako imetulia tangu mwezi wa tatu. Na muuguzi yule alistaafu mwezi huohuo. Nani anakuja hapo kwako?"

Mama Pindo aliketi kitandani, simu sikioni.

"Aa, basi nimechanganya mambo, daktari," alisema. "Uzee huu. Hapa haji mtu."