Rimu Alizozichagua Koku

"Hizi," Waitara alisema, akiinua rimu iliyong'aa mpaka ikamwonyesha meno yake mwenyewe. "Za inchi kumi na saba. Altezza bila hizi ni gari la kubebea mkaa."

Kokushubira alimtazama kwa mshangao. Miaka yote waliyoishi Mugumu, mumewe alikuwa akiiendesha Altezza yake kuukuu ikiwa na rimu za chuma zilizopakwa rangi kwa brashi, mbili zimepinda, na hakuwahi kulalamika. Wiki hii alikuwa haongei kingine ila rimu.

"Hizo zinataka tairi nyembamba, sista," alisema Vedasto, muuza matairi. "Kwenye lami utazipenda."

"Na kwenye mawe ya Gorong'a?"

Vedasto akacheka. "Kule zitarudi zina pembe nne."

Gorong'a ndiko kwao Waitara. Kokushubira hakuwahi kufika. Walifunga ndoa bomani Bukoba, kwa kina Kokushubira, bila ndugu hata mmoja wa upande wa mume. Wazee hawamtaki mwanamke asiye Mkurya, Waitara alimweleza. Wapewe muda, watapoa. Akawapa muda.

Mwaka jana mimba yao iliharibika ikiwa imeshakuwa kubwa, na Kokushubira mwenyewe akanusurika kwa shida. Alipotoka wodini, Waitara alikwenda Gorong'a peke yake, akarudi amenyoa kichwa chote, kama wanavyonyoa wafiwa wa kwao. Kokushubira alikikumbatia kile kichwa akalia mpaka akalala. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kuhusu safari ya ukweni. Mwanamume aliyenyoa nywele kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kupumua, angemdai nini zaidi?

Sasa Waitara alimsogelea, akashusha sauti ili Vedasto asisikie.

"Koku, safari hii nakwenda kulimaliza. Jumamosi ukoo wote unakutana pale kwa mama. Nikitoka huko, hakuna tena cha kufichana. Sasa niingieje kwetu na gari linalochechemea?"

Moyo wa Kokushubira ukaruka. Kumbe ni hivyo! Basi akaingia kazini mwenyewe. Alizikataa za inchi kumi na saba, akachagua za kumi na sita, za rangi ya fedha, zenye mikono mitano, zinazovaa tairi nene kidogo lisiloogopa jiwe. Alipindua kila tairi asome lilitengenezwa lini, kama anavyosoma tarehe kwenye chupa za dawa wodini, na mawili akayarudisha kwa sababu yalikaa sana dukani. Vedasto alinung'unika, akaleta mengine.

"Chagua wewe," Waitara alisema, akitazama barabarani. "Gari ni letu."

Ijumaa aliondoka. Kokushubira alisimama getini akiyatazama magurudumu yake mapya yakizunguka mpaka vumbi likayameza.

Asubuhi iliyofuata, Kokushubira akiwa ameshavaa sare aende kazini, Vedasto alimpigia simu. Alikuwa anahema.

"Sista, mzee yuko wapi?"

"Gorong'a. Kuna nini?"

"Nisamehe. Rimu zile zina nati zake. Mimi nikafungia zile za zamani, mpya nimezikuta hapa mezani. Za zamani hazikai vizuri, zikipigwa na mashimo zinalegea. Tairi linaweza kuchomoka. Mwambie asiliguse hilo gari!"

Simu ya Waitara haikupatikana. Alijaribu tena na tena. Kisha akamwomba Agness, nesi mwenzake, amshikie zamu, akapitia dukani kuchukua mfuko wa nati, akapanda gari la Tarime akiwa na sare yake. Alishukia Nyamwaga, akachukua bodaboda. Alikuwa amepokea majeruhi wengi wa ajali mikononi mwake, na kila kona alichungulia mtaroni, akiomba asilione gari lao likiwa matairi juu.

"Ongeza mwendo," alimwambia dereva.

Kwa kina Waitara palijulikana. Dereva hakuuliza mtu. Na pale uwanjani, mbele ya nyumba ya bati, Altezza ilikuwa imeegeshwa salama, magurudumu yote manne mahali pake. Kokushubira alishuka, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo alipowaona wasichana wawili wakifunga riboni nyeupe kwenye boneti.

Mama mmoja mtu mzima alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. Kokushubira alilijua paji lile la uso kabla hajaambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umewahi, bado hatujaenda kumchukua bibi harusi."

"Nani anaoa, mama?"

"Mwenye gari hilo. Waitara wangu. Amekwenda senta kunyoa ndevu, anarudi sasa hivi."

Vigelegele vilipigwa upande wa jikoni. Kokushubira alifungua kinywa aseme yeye ni nani. Yule mama alikuwa anaitazama sare yake.

"Wewe ni nesi," alisema taratibu. "Wa Mugumu?"

Kokushubira aliitikia kwa kichwa.

Mama akamshika mikono yote miwili, akamvuta pembeni, mbali na wapishi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Basi ulifanya kazi na Koku, mkwe wangu. Mungu hakunijalia hata kumwona uso. Walizikwa hukohuko kwao, yeye na mtoto, sisi tukaletewa habari tu." Akaikaza ile mikono. "Niambie ukweli, mwanangu. Alipokuwa anakufa, aliteseka sana?"