Damu ya Mwalimu Felista

Tunu alichoma kidole cha Mwalimu Felista, akaweka tone la damu chini ya hadubini, na chembe zikaonekana kwenye skrini zikielea. Kwa miaka tisa alikuwa akiwaonyesha wagonjwa damu yao namna hii, kisha akiwaambia imechafuka na kuwapa dawa ya mizizi. Siku hiyo hakuigusa chupa ya dawa. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma, na sasa alikuwa amekonda hadi gauni linampwaya.

“Unaona nini, mwanangu?”

“Naona damu, Mwalimu.”

“Ina ugonjwa gani?”

Tunu aliizima hadubini. “Sijui. Mashine hii haiwezi kuniambia. Inuka, Mwalimu, nikupeleke hospitali sasa hivi.”

Mwalimu aliibana pamba kidoleni. “Na wale wengine wote, ulikuwa unajua?”

Tunu alimshika mkono, akafungua mlango. Kwenye benchi la nje watu watano walikuwa wakisubiri zamu, na mama wa kwanza alikuwa amekwisha kusimama, anatabasamu, kidole chake amekinyoosha.