Dawa ya Macho kwa Mkata Mkongo

"Tangazo la dharura kwa wakazi wote wa Bombambili! Mtu aliyekata mkongo wa intaneti amepigwa na mwanga uliokuwa ndani yake. Kabla jua halijazama atakuwa kipofu! Dawa inatolewa bure ofisi ya kata, na hakuna atakayeulizwa jina. Ni mimi, Mganga Mkuu wa Macho na Mikongo!"

Mganga Mkuu alikuwa Yohanes wa bodaboda, spika ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Dawa ilikuwa maji ya bomba yenye chumvi. Mtunzi wa yote hayo alikuwa Makarius, kijana aliyemaliza kidato cha sita shule ya bweni baada ya kupewa heshima ya kusimamishwa masomo mara mbili kwa utundu.

Safari hii hakuwa akitania. Kesho asubuhi alitakiwa kukaa mbele ya kompyuta ya kata, ahojiwe na watu wa Algeria waliokuwa wakitafuta vijana wa kuwasomesha udaktari. Na mkongo ulikatwa jana. Halmashauri ndiyo iliyochimba mtaro, kampuni ya intaneti ikalaza waya, wakakubaliana kuutumia pamoja. Sasa kampuni ilikuwa imekasirika: mkataji asipopatikana leo, inang'oa mitambo yake na kuipeleka Namtumbo.

Asubuhi ya siku hiyo, mama yake, Benigna, alikuwa amejaribu kumfariji.

"Ukiikosa hiyo Algeria si mwisho wa dunia. Utasoma hapahapa Songea."

"Si mimi tu, mama. Zahanati imezimika, shule imezimika."

"Zahanati nayo?"

"Waya ni mmoja. Wote wamo humohumo."

"Mimi nilidhani kila mtu ana wake," alisema mama, akatoka kwenda kuwafungulia kuku.

Ofisini, Makarius alikaa na kichupa chake cha dawa mkononi. Nyuma ya pazia walijibanza mtendaji wa kata Romanus, mtu wa kampuni, na mgambo mmoja mwenye rungu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Leo, mnunuzi wa vyuma chakavu. Moyo wa Makarius ukaruka.

"Shikamoo, mzee. Kumbe ni wewe uliyekata?"

"Marahaba. Nikate nini? Uzi wa kioo nimuuzie nani, we mtoto? Macho yananiwasha tangu masika, na kitu cha bure mimi sikiachi."

Akadondoshewa, akasifu kwamba dawa inachoma vizuri, akaenda zake.

Jua likaanza kuinama. Hakuja mwingine.

"Kijana," mtu wa kampuni akanong'ona nyuma ya pazia, "nawapigia wenzangu simu waje kufungua mitambo."

"Mzee, nakuomba. Kidogo tu."

Mlango ukasukumwa. Akaingia Benigna, kitenge kimemfunika hadi kwenye paji la uso. Makarius akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Afadhali, mama. Njaa inaniua. Umeniletea nini?"

Benigna hakuwa amebeba kitu. Alimtazama mwanawe usoni, akamtazama tena, kisha akaketi kwenye benchi, akaondoa kitenge na kuinua kichwa.

"Nidondoshee upesi, baba," alisema. "Kama ni kwenda, nenda tu. Lakini nikuone ukienda."