Mlakasa wa Mwambani

Kila Jumatatu mlakasa ulikuwa umerudi. Jumamosi Mwinyijuma aliuacha ufukwe wa Mwambani mtupu kama upara. Jumatatu mmea ule ulikuwa unatambaa mchangani upya, kama haujawahi kuguswa na jembe.

"Toa yote!" alifoka Bwana Shamba, Mzungu aliyechunika pua kwa jua. "Serikali inataka nyasi za Ulaya hapa, haitaki magugu. Ukitoa, acha hapo hapo mchangani, ikauke."

Mwinyijuma akainama kuficha kicheko. Mlakasa ukaukie mchangani! Hata mtoto wa chuoni alijua kuwa kila pingili yake ikigusa mchanga huota mizizi. Lakini nani yeye amfundishe kilimo mtu aliyevuka bahari na vyeti vya kilimo?

"Ndiyo, Bwana. Itakauka."

Kusema kweli, hakuutegemea mchanga peke yake. Jumapili, Bwana Shamba akienda kanisani mjini, Mwinyijuma alirudi na gunia la vipande akavifukia kimoja kimoja, taratibu, kwa mapenzi. Alikwisha kukata mkonge miaka saba, na mwiba wake ukamtoa jicho la kushoto. Kibarua cha kung'oa kikiisha, ni kurudi kwenye mkonge, na jicho lililobaki lilikuwa moja tu.

Wiki ile karani Laurenti alimletea habari. "Mzee Mwinyijuma, Jumatatu anakuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Akikuta ufukwe safi, kazi imekwisha. Wewe nyumbani, Bwana Shamba Singida."

"Singida kuna bahari?"

"Kuna vumbi. Lakini atapanda cheo."

"Kumbe ndiyo maana ya makelele! Mwenzangu anapanda cheo kwa mgongo wangu."

Nyumbani, mkewe Asmahani hakumwonea huruma. "Baba Mselem, mwaka mzima unapigana na jani, na jani linakushinda! Watu wanakucheka."

"Waache wacheke. Jani hilo ndilo linalotulisha."

Kilichomtatiza ni kimoja. Siku hizi mlakasa ulichipua hata pale asipopanda, tena kwa mistari iliyonyooka kama safu za msikitini.

"Majini hao," akasema Asmahani. "Wamekuona mzee, wanakusaidia."

"Basi majini hao wana kamba ya kupimia."

Jumamosi Bwana Shamba alimsimamia tangu asubuhi mpaka alasiri, halikubaki jani. Jumapili Mwinyijuma akaenda na magunia mawili badala ya moja. Alipofika kwenye tuta la mchanga, akasikia mtu anakwaruza upande wa pili. Mkaguzi amewahi! Akajilaza kifudifudi, akachungulia.

Bwana Shamba alikuwa amepiga magoti, suruali ya kanisani ameikunja, anafukia kipande cha mlakasa na kukipigapigia mchanga kama anayembembeleza mtoto alale. Nyuma yake, mstari mzima ulikwisha kupandwa.

Macho matatu yakakutana.

Mzungu akamtazama Mwinyijuma, akayatazama magunia, akamtazama tena. Kisha akamsukumia ndoo.

"Umechelewa," akasema. "Lete maji."