Kuijulia Hali Taa

Siku hizi taa ya usiku haichomolewi ukutani mpaka ikiri yenyewe kwamba imechakaa, ndiyo sheria. Bi Mwanamkuu akainama kando ya kitanda cha mjukuu wake, mahali ambapo ukuta umebabuka na plagi inanuka plastiki inayoungua.

"Hujambo, taa?"

"Sijambo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona wachemka hivyo?"

"Kijoto tu, bibi. Tunamshukuru Mungu."

Taa hizi zilifunzwa kusema kwa kuwasikiliza watu wa mtaa huu huu, na marehemu mume wa Bi Mwanamkuu alijibu vivyo hivyo asubuhi aliyofariki.

Akakivuta kitanda mbali na ukuta, kadiri chumba kilivyoruhusu. Hakikwenda mbali.