Shahidi wa Mize

Siku hizi kila jiwe lenye alama za matumbawe ya kale, yale yaliyokwisha duniani, ni mali ya serikali. Wataalamu wake wanayafufua matumbawe hayo kutoka mawe hayo. Leo wamekuja na mashine kung'oa jiwe la kichwani mwa kaburi la mke wangu, Mize, kwa vile lina vinyota vya matumbawe hayo.

"Mzee Makame, haya yataishi tena baharini," afisa akanibembeleza.

"Na Mize je? Alipokufa kwa kukosa dawa hospitalini kwenu, nani alikuja mbio hivi?"

"Pole, mzee. Lakini hili ni jiwe tu."

"Jiwe la kaburi kwetu linaitwa shahidi, mwanangu. Mnamwondoa shahidi, na kesi yenu haijasikilizwa?"

Nikalikumbatia. Mashine inanguruma mgongoni mwangu, na siliachii.