Moshi wa Ndani

Wakaguzi wa hewa walisimama uani, shingo juu, wakiisifu dohani ya kiwanda. Tangu sheria mpya ya dunia ianze, ilikuwa haitoi hata chembe ya moshi. Bosi alikuwa meno yote nje.

Ndani, fundi bomba alimtazama dada yake, kibarua wa humo, akipenga kamasi. Leso ilikuwa nyeusi tii.

"Kaka, lile bomba la dohani uliloliunganisha juzi linatumwagia moshi wote humu."

Yeye alikuwa ameapiwa na bosi kwamba nyuma ya ukuta alikolielekeza bomba kuna chujio!

Damu ikamchemka. Akatoka uani, akameza matusi, akamshika bosi mkono kwa adabu zote.

"Wageni, karibuni ndani. Bosi, tangulia."

Walipoingia wote, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

"Haya. Vuteni hewa safi."